Nadhiri ya Kinyozi

Mwalimu alikutana na televisheni yake barabarani, Jumamosi saa nne asubuhi, ikiwa kichwani kwa fundi baiskeli. Aliitambua kwa ule ufa wa pembeni, ambao pacha mmoja aliutia kwa mpira na pacha mwenzake akaadhibiwa. Fundi baiskeli alipomwona hakukimbia wala hakubabaika. Alisimama, akaishika televisheni kwa mikono miwili, akainama kwa heshima kadiri mzigo ulivyomruhusu.

"Shikamoo Mwalimu. Mungu awazidishie."

"Marahaba. Atuzidishie vipi, na wewe unatupunguza?"

"Baba Pacha amenipa. Nilikataa mara mbili."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu niliona sasa itakuwa dharau."

Mwalimu alikuwa amefundisha darasa la sita kwa miaka kumi na tisa, na alijua kwamba kumpokonya mtu kitu mbele za watu ni kuanzisha kesi isiyo na hakimu. Akampisha. Akaingia nyumbani na kapu lake la mboga, akamkuta mumewe ameketi sebuleni kwenye kigoda, akitazama alama ya vumbi pale televisheni ilipokuwa.

Mumewe alikuwa kinyozi. Siku kumi na moja zilizopita alipasuliwa ngiri katika hospitali ya serikali, upasuaji ambao daktari mwenyewe aliuita mdogo, ingawa hakuna upasuaji mdogo kwa mtu anayepasuliwa. Alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Tangu siku ile alikuwa amebadilika, na Mwalimu alikuwa amejiapiza kutouliza, kwa sababu alizoziweka moyoni.

Sasa aliuliza. "Baba Pacha, televisheni imekwenda wapi?"

"Si umeiona?"

"Nimeiona. Nauliza imekwenda wapi."

"Labda imekwenda inakotakiwa." Kinyozi alikuna kidevu. "Sina hakika. Hapo ndipo penye shida yenyewe."

Akamweleza. Pale kwenye kitanda cha upasuaji, taa ikimwangaza usoni na sindano imeshaingia mkononi, alimwekea Mungu nadhiri. Alimwahidi kwamba akizinduka salama atafanya jambo fulani. Basi, akazinduka salama. Jambo lenyewe halikumbuki.

"Umesahau ulichomwahidi Mungu?"

"Dawa ya usingizi, Mwalimu. Ilinipitia kama dasta ubaoni."

Kwa kuwa hakujua deni lake ni lipi, alikuwa ameamua kulipa yote. Alianza na sukari. Kisha akaacha nyama. Kisha akatandika mkeka chini, akamwachia mkewe kitanda.

"Kumbe ndiyo maana unalala chini?" Mwalimu aliuliza polepole.

"Ulidhani kwa nini?"

"Nilidhani mshono unauma," alisema, na hakuwa anasema kweli.

*

Kinyozi alikuwa na kibanda kimoja chenye kiti kimoja cha kupanda na kushuka, lakini kilichokuwa kikileta watu si kiti. Ni maneno. Mtu alikuja kupunguza ndevu akaondoka akijua nani kaposa, nani kahamishwa kazi na nani anajifanya hajui. Sasa Kinyozi alikuwa amehisi kwamba huenda aliahidi kuacha umbeya, na kwa kuwa hakujua umbeya unaanzia wapi, akaacha kusema kabisa. Halafu, kwa hofu kwamba huenda aliahidi kuacha majivuno, akafunika kioo kwa shuka.

Wateja walikaa mbele ya shuka, kimya, wakisikia mashine tu. Dereva mmoja wa lori alitoka pale amenyolewa vizuri kuliko siku zote, akasimama nje akijipapasa kisogo.

"Nimekaa mle kama maiti inayoandaliwa," aliwaambia waliokuwa kwenye foleni. Foleni ikavuka barabara, ikaenda kwa kinyozi kijana wa ng'ambo ambaye hakujua kuchonga ukingo wa nywele lakini alikuwa na ulimi.

Habari ya nadhiri nayo haikukaa ndani. Ikatoka, na ilipotoka, kila mtu akaanza kuikumbuka kwa niaba ya mwenyewe. Fundi baiskeli, ambaye tayari alikuwa amebarikiwa, alisema huenda iliambatana na king'amuzi. Jirani wa nyuma alikumbusha habari ya ngazi aliyoazima miaka mitatu iliyopita na kuivunja. Pengine Baba Pacha aliahidi kusamehe? Akasamehewa palepale. Hata mama mzazi wa Kinyozi, aliyekuwa akiishi nao na ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alianza kupata kumbukumbu.

"Mwanangu," alisema wakati wa chai isiyo na sukari, "asubuhi ile kabla hawajakuchukua, ulinitazama miguu."

"Nilikutazama miguu?"

"Ulitazama magoti. Kwa huruma. Nadhani ulikuwa unafikiria choo cha ndani."

"Mama," Mwalimu alisema, "siku ile wewe ulikuwa nyumbani."

"Nimesema alinitazama. Sijasema niliona."

Shuleni mambo hayakuwa mepesi zaidi. Mwalimu mkuu alimsimamisha Mwalimu mlangoni mwa ofisi ya walimu, wenzake kumi na wawili wakiwa wameinamia madaftari kwa masikio yaliyosimama. "Nasikia nyumbani kwenu mnagawa," alisema kwa upole wa mtu anayetoa pole. "Friji bado lipo?"

Lakini lililomtoa Mwalimu usingizi ni la mzee wa kanisa. Mchungaji alikuwa likizo, na mzee huyu, aliyekuwa pia mlezi wa kwaya, alikuwa ameshika usukani. Alifika Jumanne amevaa koti, akakataa kiti, akasema ameoteshwa. Kwenye ndoto yake aliona kinanda kipya kinapigwa ndani ya kibanda cha Kinyozi. Akafafanua mwenyewe: kibanda kiuzwe au kitolewe kwa kwaya, kinanda kinunuliwe, nadhiri itimie. Jumapili ijayo Kinyozi asimame atangaze.

Mwalimu alimngojea mumewe acheke. Kinyozi hakucheka. Alikunja mikono, akasema, "Huenda ikawa ndiyo yenyewe."

"Na pacha kule bwenini watakula ndoto?" Mwalimu aliuliza.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeahidi. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

*

Alhamisi walikwenda kutoa nyuzi. Bibi naye alikwenda, kwa sababu hospitali ni mahali pa kutoa taarifa za magoti. Muuguzi alikata nyuzi, akafuta, akasema kidonda kimekauka vizuri, na Kinyozi, badala ya kushukuru, akamshika mkono.

"Dada, siku ile ulikuwepo. Hukunisikia nikiahidi kitu?"

Muuguzi akamtazama, akamtazama Mwalimu, akaona macho ya Mwalimu. Hakuuliza zaidi. Aliandika karatasi ndogo, akaelekeza mwisho wa korido. "Mlango baada ya chumba cha plasta. Leo yupo."

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya magongo, na magongo mawili bado yalikuwa pembeni kwa sababu hakuna idara iliyokubali kwamba ni yake. Mlangoni palibandikwa karatasi: MSHAURI NASAHA. GONGA. SUBIRI. Ndani alikaa mwanamke mfupi wa makamo, viatu vya chini, sauti yenye mkwaruzo. Kwenye meza yake, kati ya kalamu na faili, kulikuwa na dawa ya pumu ya kuvuta, imewekwa wazi kama mtu anavyoweka miwani.

Bibi hakukaa. Alizungusha macho ukutani. Hakukuwa na Biblia, hakukuwa na picha takatifu, kulikuwa na kalenda ya duka la dawa.

"Wewe unasali?" aliuliza.

"Shikamoo Mama. Karibu kiti."

"Marahaba. Kiti nimekiona. Nauliza, unasali? Maana nyinyi wa saikolojia tunasikia mnawaambia watu hakuna Mungu, ni ubongo tu."

Mshauri alikuwa ameulizwa swali lile mara nyingi kuliko alivyoulizwa jina lake. "Nikisema ndiyo, Mama utatulia?"

"Nitatulia."

"Na nikisema hapana?"

"Naondoka na mwanangu."

"Basi tuanze na fomu, ili kwanza nijue anayeniacha."

Fomu ilikuwa ya kawaida hadi swali la nane. Kinyozi alilisoma mara mbili, akampa mkewe, mkewe akalisoma kwa sauti ya darasani: "Je, una imani yoyote? Kwa sasa inakubeba, au unaibeba?"

"Inategemea siku," alisema Bibi, ambaye hakuulizwa, na akakaa.

Kinyozi ndiye aliyesema baada yake. Kwa siku kadhaa hakuwa amesema zaidi ya yaliyolazimika, lakini mtu aliyekaa miaka ishirini nyuma ya vichwa vya watu hawezi kuzuia udadisi wake ukiguswa. "Swali hili umelitunga mwenyewe," alisema. "Ni la mtu aliyewahi kubeba. Wewe ni binti wa nani?"

Kwa kawaida Mshauri hakujibu maswali kama hayo. Waliomfundisha walimwambia mshauri ni mlango, si sebule. Lakini Bibi alikuwa hajayaondoa macho kwenye ile dawa ya pumu, na Mshauri alijua kwamba mama yule hatasikiliza neno hadi aisikie habari yake.

"Baba yangu ni mhubiri," alisema. "Mimi nimekulia kwenye maturubai, mstari wa mbele."

Alikuwa na miaka saba alipotangazwa kuwa amepona pumu. Umati ulipiga vigelegele, na tangu siku ile baba yake alimpandisha jukwaani kila mji, amevaa gauni jeupe, aseme jinsi anavyopumua. Naye alipumua, kwa kuwa mama yake alikuwa anamchomekea dawa ndani ya soksi, na kabla ya kupanda jukwaani alikimbilia nyuma ya choo akavuta mara mbili. Ikaendelea hivyo miaka miwili. Siku moja, katikati ya ushuhuda, soksi ililegea. Kichupa kikaanguka, kikabiringika jukwaani mbele ya watu elfu moja, kikasimama miguuni pa mpiga ngoma. Mpiga ngoma hakukosa hata pigo moja. Alikisukuma kwa kidole gumba cha mguu chini ya ngoma, akaendelea. Jioni alimletea kimefungwa kwenye leso, akamwambia, "Binti, umeangusha muujiza wako."

Bibi alicheka hadi akashika kifua, kisha akakumbuka mahali alipo, akanyamaza. "Na baba yako alijua?"

"Nadhani alijua. Hakuna aliyesema. Lakini Mama, nisikilize: usiku nilipobanwa, baba aliniwekea mkono kifuani akaomba kwa sauti ya chini, na hofu ilinitoka kweli. Dawa ilifungua kifua, mkono ulitoa hofu. Sikuona kwa nini nichague. Kilichoniumiza ni ile soksi."

Alipokua alisomea theolojia miaka miwili ili kumfurahisha baba yake, kisha akahamia saikolojia ili apate usingizi. Baba alikaa mwaka mzima bila kumsemesha. Baadaye akaanza kumletea watu kimyakimya, mmoja mmoja, kwa sharti kwamba wasiseme wametumwa na nani.

"Kwa hiyo humu ndani," Mshauri alisema, "mimi siombei mtu, na simkatazi mtu kuomba. Mungu wako akitajwa namkaribisha kama ndugu mwingine wa nyumba, tunaulizana mnaishije. Lakini mimi si msemaji wake."

"Basi niambie," alisema Kinyozi, "nadhiri iliyosahauliwa inafutika?"

"Hilo ni la mchungaji. Umemwuliza?"

"Yuko likizo. Yupo mzee wa kanisa."

"Naye anasemaje?"

"Ameota kinanda."

Mshauri aliinamia fomu, akaisoma hadi uso wake ulipotulia. "Huyu uliyemwahidi," alisema, "kabla ya upasuaji mlikuwa mnaishije?"

Kinyozi alitazama magongo. Akasema kwamba hakuwa mtu wa maombi marefu. Ila kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaja, alikuwa akifagia nywele za jana huku akiongea naye. Habari za mtaa tu. Nani anaumwa, nani kampiga mkewe, pacha wamepata alama gani. "Kama mteja wa alfajiri," alisema. "Yule ambaye hana haraka, anakaa tu."

"Na sasa?"

Mwalimu aligeuka kumtazama mumewe.

"Sasa siongei naye," alisema Kinyozi. "Tangu nitoke hapa. Naogopa nikifungua mdomo nitaahidi kingine."

"Nini?" Bibi alisimama. "Yaani umempa Mungu televisheni, ukamnyima salamu?"

Hakuna aliyecheka, hata Bibi mwenyewe. Mshauri akauliza, kama mtu anayeuliza njia, "Siku ile mlipokuwa mnaahidiana, nani mwingine alikuwepo?"

"Yule daktari wa usingizi."

"Yuko ghorofa ya pili. Mimi siwezi kwenda kumhoji habari zako. Wewe unaweza."

*

Daktari wa usingizi alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji akimenya yai, na alikuwa akipiga miayo kwa namna iliyowatia watu imani na kazi yake. Alimtambua Kinyozi palepale.

"Wewe! Ulinitukania kinyozi wangu. Uliniambia kisogo changu kimenyolewa na adui."

"Samahani, daktari."

"Nilikwenda kutazama kwenye vioo viwili. Ni kweli."

"Daktari, mimi niliahidi kitu?"

"Wote huahidi. Wiki ileile mmoja aliacha pombe, mwingine aliacha mke wa pili, na mke wa pili alikuwa muuguzi wa zamu." Akang'ata yai. "Wewe ulisema, 'Ee Mungu, ukiniamsha, nita...' Ukalala."

"Nita nini?"

"Nita. Dawa yangu ni nzuri."

Wote watatu walisimama pale kama watu walioshushwa kituo kisicho chao. Wa kwanza kuamka alikuwa Mwalimu. Miaka kumi na tisa ya sarufi ilimpanda kifuani yote kwa mara moja.

"Nita si neno!" alisema. "Ni viambishi tu. *Ni* ni nafsi, *ta* ni wakati ujao. Kitenzi hakuna!"

"Maana yake nini?" Bibi aliuliza.

"Maana yake hakuahidi kitu, Mama. Ameahidi kwamba ni yeye, na ni baadaye. Basi."

Bibi aliutazama ukuta kwa muda, akikiaga choo cha ndani. Kisha akakaa kwenye benchi kando ya daktari, akapandisha gauni kidogo na kumwonyesha magoti, kwa kuwa daktari ni daktari.

Mwalimu alidhani mumewe atafurahi. Kinyozi alikuwa ameegemea ukuta. "Hii ni mbaya zaidi," alisema. "Ingekuwa sukari, ningekuwa nimemaliza."

*

Walimrudia Mshauri alipokuwa akifunga mlango aende kula. Aliwatazama, akaufungua tena, na Mwalimu akamweleza ile 'nita' isiyo na kitenzi.

"Nijazie," alisema Kinyozi, hata hajakaa.

"Siwezi."

"Wewe umesoma theolojia miaka miwili!"

"Ndiyo maana siwezi." Alisogeza kiti. "Tuache neno kwanza. Turudi pale kitandani. Sindano imeingia, taa inawaka. Macho yako yalikuwa yakitazama nini?"

"Mlango."

"Mlangoni kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu," alisema Kinyozi. "Hakukuwa na mtu."

Mwalimu aliweka mkoba wake sakafuni. Aliuweka taratibu, kama kitu kinachoweza kumwagika.

"Waliniambia saa nne," alisema. "Mimi nilifika saa mbili kasoro. Mlinzi wa getini akasema si saa ya kuona wagonjwa. Nikamwambia mume wangu anapasuliwa. Akasema wote wana waume. Akaniambia nitoe vitu vilivyomo kwenye mfuko, akague. Nikavipanga juu ya ukuta. Taulo. Sabuni. Ndala zako. Chupi zako tatu, ile yenye tundu ikiwa juu, na nyuma yangu kuna wazazi wawili wa wanafunzi wangu. Nikasimama pale saa nzima. Alipokuja mwenzake kunifungulia, wewe umeshaingizwa, hata kabla ya hiyo saa nne yao."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulizinduka ukageukia ukutani."

"Nilijua umemaliza kwanza kusahihisha mitihani, ndipo ukaja."

"Baba Pacha! Ungeniuliza!"

"Ningeuliza vipi?" Sauti ya Kinyozi ilipasuka katikati, ikawa ya kijana. "Mtu anaanzaje? 'Mke wangu, habari za leo, hivi unanijali?' Nilidhani nakufa, Mwalimu. Nilitazama ule mlango nikasema basi, nakufa na hawa wenye kofia za kijani, na huyu mwenye kisogo kibaya. Niliogopa. Mimi, mtu mzima."

"Na mimi siku zote hizi nadhani umeshuka kitandani kwa hasira," alisema Mwalimu. "Nalala peke yangu naongea na dari."

Mshauri alisogeza bunda la karatasi za chooni katikati ya meza, maana bajeti ya hospitali haikuwahi kufika kwenye leso. Mwalimu alichukua, akampa mumewe, akachukua nyingine. Walipenga kwa zamu.

"Sasa ile nita?" Kinyozi aliuliza baadaye, pua imemvimba.

"Bado iko wazi," alisema Mshauri. "Si lazima uifunge leo. Lakini nadhani mnaweza kuizungumza, wewe naye uliyemwambia. Mlikuwa mnaongea vizuri tu."

"Na Jumapili? Mzee wa kanisa ameshatangaza."

"Jumapili si ya kwangu," alisema Mshauri, akachukua mkoba wake wa chakula. "Ila njoo Alhamisi unihadithie."

*

Jumapili kanisa lilijaa hadi kwenye ngazi. Kwaya ilikuwa imesimama tayari upande wa kulia, na mmoja wao alikuwa ameshaanza kupima kwa macho mahali kinanda kitakapokaa. Mzee wa kanisa alifunga vifungo vyote vya koti, akasema kuna ndugu yetu ana nadhiri, akamwita mbele.

Kinyozi alikwenda taratibu. Alikohoa. Alikuwa mtu wa kusema na vichwa, si na nyuso, kwa hiyo akaanza akitazama sakafu.

"Ndugu zangu, nadhiri yangu imepatikana. Nilimwambia Mungu 'nita'. Halafu nikalala."

Watu wakangoja.

"Ni hayo tu," alisema. "Shahidi ni daktari. Mimi nililala, lakini Yeye hakulala. Kama kuna kitu anataka kwangu, anajua kibanda kilipo na saa ninayofungua. Naomba aje mwenyewe, asipitie kwenye usingizi wa mtu."

Minong'ono ilianzia viti vya nyuma. Mzee wa kanisa akaguna, akasema kwamba ndoto nayo ni njia, na kwamba yeye kinanda alikiona kwa macho yake.

"Sikatai, mzee wangu," alisema Kinyozi. "Nakuomba uote tena, utazame vizuri aliyekinunua."

Kicheko kilianza kwa dereva wa lori, kikashika kwaya, kikapanda hadi kwenye ngazi. Bibi alipiga "Amina!" kubwa kuliko ya mtu yeyote, ingawa jioni ile, akipewa chai yenye sukari, alisema kwamba Mungu hajakataza choo cha ndani. Mzee wa kanisa alinuna siku mbili. Televisheni haikurudi, kilichotolewa kimetolewa, na fundi baiskeli alikuwa ameshaipigia misumari ya kuiweka juu. Taarifa ya habari walikwenda kuitazama kwake, Mwalimu akibisha hodi kwenye mlango wa televisheni yake mwenyewe na kukaribishwa vizuri sana. Kitandani walilala wawili, na walipozozana, walizozana juu ya nani anavuta shuka.

Jumatatu Mwalimu alitoka mapema kwenda shule. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, mtaa bado umelowa umande, na njia yake ilipita nyuma ya kibanda. Alisikia sauti ya ufagio. Kisha akamsikia mumewe akiongea, akadhani amepata mteja, akasimama kando ya dirisha kwa furaha ndogo.

"...amenuna, lakini atakuja Jumatano, nywele zake hazimruhusu kukaa," Kinyozi alikuwa akisema. "Halafu yule jirani wa ngazi. Nimemsamehe, si umeona? Lakini jana ameazima nyundo yangu. Sasa hapo wewe mwenyewe ungefanyaje?" Ufagio ukapita. "Na Mwalimu wangu. Unajua walimpangisha chupi zangu ukutani? Ulimwona pale? Mimi sikumwona. Ungeniambia tu."

Akanyamaza, kama anayesikiliza. Akacheka kidogo peke yake.

Mwalimu alitazama saa. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuchelewa kipindi cha kwanza. Alizunguka mbele, akasukuma mlango. Kinyozi alisimama na ufagio mkononi, amefumwa, akitafuta la kusema. Ndani hapakuwa na mteja.

Mwalimu aliweka mkoba wake chini, akapanda kwenye kiti cha kunyolea, akajiegemeza.

"Endeleeni," alisema.